Je, Wajua? Faili Uliyoifuta Bado Inakula Diski

Kisenyi, katikati ya Kampala, ni mtaa wa vinu vya mahindi. Kwenye kinu, ukikata jina la gunia daftarini, gunia lenyewe bado limelala sakafuni mpaka mchukuzi alibebe.

Je, wajua kwamba kompyuta ya Linux hufanya hivyohivyo? Ukifuta faili, kinachoondoka kwanza ni jina. Ikiwa kuna programu ambayo bado imeifungua faili hiyo, nafasi hairudi hata chembe mpaka programu ifungwe. Ndiyo maana mtu hufuta faili ya kumbukumbu yenye gigabaiti 20, akapima kwa amri ya df, akakuta diski imejaa vilevile, akadhani kompyuta ina ugonjwa. Haina. Andika sudo lsof +L1, utaona programu iliyoing'ang'ania. Izime, uiwashe upya, na nafasi itarudi papo hapo.

Je, wajua kwamba diski yaweza kukuambia imejaa ilhali ina nafasi? Mfumo wa faili wa ext4, kwa kawaida, humtengea msimamizi wa kompyuta, yaani root, asilimia 5 ya diski. Kwenye diski ya gigabaiti 500 hiyo ni gigabaiti 25! Akiba hiyo si hasara: diski ikijaa pomoni, msimamizi bado anaweza kuingia na kusafisha. Kwenye diski ya picha na muziki tu, ipunguze hadi asilimia 1 kwa tune2fs -m 1. Kwenye diski yenye mfumo wenyewe, mimi nasema iache.

Daftari la matukio la systemd, yaani programu inayoendesha huduma za Linux, nalo huruhusiwa kukua hadi asilimia 10 ya diski, ila lisizidi gigabaiti 4. Amri ya sudo journalctl --vacuum-size=200M hulipunguza. Kerneli za zamani, yaani viini vya Linux vilivyopitwa, ziondoe kwa sudo apt autoremove. Usizifute kwa mkono ndani ya /boot, kompyuta isije ikakataa kuwaka.

Na je, wajua kwamba jina Ubuntu, Linux iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, ni ndugu wa neno la Kiganda obuntu na la Kiswahili utu? Ukisakinisha programu humo kwa apt-get, nakala ya kifurushi hubaki ndani ya /var/cache/apt/archives. (Amri mpya ya apt huifuta yenyewe.) Nakala hizo hujaza diski, lakini zilinunuliwa kwa bando. Jirani mwenye toleo lilelile la Ubuntu aweza kuzisakinisha kutoka kwenye flashi bila kulipia intaneti tena. Kwa hiyo kabla hujaandika sudo apt-get clean, muulize kwanza kama anazihitaji.