Kunuka, kunukia na majina ya manukato

Neno la Kifaransa *sentir* huwasumbua wanafunzi wetu wa hapa Bujumbura kuliko linavyostahili. Kiswahili kinaligawa katika vitenzi vitatu vya mzizi mmoja. Anayevuta hewa puani ili ajue harufu ananusa. Kitu chenye harufu mbaya kinanuka, na chenye harufu nzuri kinanukia. Kirundi nacho hutenganisha *kunuka* na *kumota*, hivyo Mrundi anaijua tofauti hii tangu utotoni. Tatizo ni kwamba anapoandika Kiswahili hufikiri kwa Kifaransa, akatoa "ua linanuka vizuri". Katika mtihani hilo litamgharimu alama moja tu. Kumwambia mwenyeji wako wa Buyenzi kwamba nyumba yake inanuka ni jambo jingine, hata ukiongeza "vizuri".

Tofauti inaletwa na kiambishi -i- cha kauli ya kutendea. Kwa kawaida kiambishi hiki huonyesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu, kama vile pika na pikia. Katika nukia kimegeuza maana kabisa. Kwa maoni yetu, kitenzi hiki kifundishwe kama neno linalojitegemea, si kama mfano wa mnyambuliko.

Tukija kwenye majina, manukato ni neno la jumla, na wengi huishia hapo wanapofasiri *parfum*. Marashi yana asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kunyunyiza. Ndiyo maana tunalo pia neno mrashi, yaani chupa ya shingo ndefu ya kuwanyunyizia wageni marashi ya waridi. Udi na ubani havinyunyizwi, bali hufukizwa: huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo. Hivi viwili huchanganywa mno. Ubani ni utomvu mkavu wa miti inayoota Somalia na Omani. Udi ni mbao za mti wa Asia, ambazo hupata harufu yake baada ya mti kushambuliwa na kuvu. Mwanamke wa Zanzibar akisema amefukiza nguo zake udi, usiandike ubani. Ubani huenda zaidi na dua na matanga. Hata mchango wa msiba huitwa ubani.

Wapo pia wanyama katika orodha hii. Ambari hutoka kwa nyangumi, miski kwa paa wa milima ya Asia, na zabadi kwa ngawa, ambaye hata porini kwetu yupo. Zabadi ikiwa bado mbichi inanuka. Ikichanganywa kidogo sana na mafuta mengine, inanukia. Sijui mfano bora wa kuandika ubaoni.

Neno harufu lenyewe halina upande. Kwa upande mbaya tunayo uvundo, kikwapa na shombo. Shombo ni ya samaki, na mkazi wa mji wa mukeke na ndagala hana sababu ya kuandika "harufu mbaya ya samaki".