Je, wajua? Gobore la kale husomwa kwa muhuri wake

Magobore mawili yakilazwa kwenye mkeka mmoja yanaweza kufanana kama mapacha: mtutu mrefu wenye kutu, kitako cha mti kilicholainishwa na viganja, mdeki umechomekwa chini. Kumbe moja lilivuka bahari enzi za misafara, na jingine limetoka kwa fundi mwaka jana. Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, kujua lipi ni lipi ni jambo zito. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu kuwa malikale vitu vya kuhamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Gobore la kweli la wakati huo ni urithi wa taifa.

Gobore hulishwa kwa mdomo. Baruti humiminwa mtutuni, ikafuatwa na goroli, kisha vyote vikashindiliwa kwa mdeki. La zamani zaidi ni la gumegume: jiwe gumu hupiga chuma, cheche zikadondokea kwenye baruti kidogo iliyowekwa kando ya mtutu. Katika karne ya 19 ikaja fataki, kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo, na magobore mengi ya gumegume yakabadilishwa yatumie fataki. Bunduki ya gumegume ya askari wa Uingereza, iliyoitwa Brown Bess, ilikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu na tundu la milimita 19 hivi. Askari hodari alifyatua mara mbili au tatu kwa dakika, na zaidi ya mita 100 kulenga kulikuwa kubahatisha.

Silaha hizi zilipita mapema Buha, yaani nyanda hizi za Waha. Msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley wa 1871 ulibeba bunduki 24 za gumegume. Alipokaribia Ujiji alipita nchi ya Waha, akatozwa hongo ya nguo na wakuu wao, hata akaamua kuondoka usiku kukwepa hongo nyingine. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ukaweka vizuizi vikali vya kuingiza bunduki bora katika Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu zikaachiwa nafasi. Kasulu na Kibondo zimo ndani ya ukanda huo. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobore kuendelea kuishi hapa wakati majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kulisahau.

Basi la kale litambulikeje? Kutu si shahidi, maana chuma kipya kikilala paani msimu mmoja wa masika huzeeka. Shahidi ni muhuri. Huko Liège, Ubelgiji, palipotoka bunduki nyingi za biashara, mtutu ulijaribiwa kwanza kwa baruti nyingi kuliko kawaida; ukisalimika, uligongwa herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya duara hilo. Kwa hiyo mtutu wenye ELG na taji juu yake ulipigwa muhuri mwaka huo au baadaye, hata mwenyewe akiapa kwamba ni wa babu wa babu yake. Neno TOWER pekee nalo lisikudanganye: lilianza kama alama ya silaha za serikali ya Uingereza, lakini wafanyabiashara wa karne ya 19 waliliiga kwenye bunduki za kuuza Afrika. Kunakili hakukuanza leo.

Nakala halali za kisasa zipo pia. Huko Gardone Val Trompia, Italia, viwanda hutengeneza Brown Bess mpya kwa chuma cha leo, na kila mtutu hujaribiwa na kupigwa muhuri. Anayeigiza vita vya kale kwenye maonyesho achague hiyo, kwa kuwa ndani ya chuma cha miaka 150 huenda mna ufa ambao jicho halioni.

Gobore la kienyeji halimo katika makundi hayo mawili. Mtutu wake huwa bomba la maji au kipande cha bomba la usukani wa gari, chuma kisichokusudiwa kuhimili mlipuko, na hakuna aliyekijaribu wala kukigonga muhuri. Ukipasuka, hupasukia usoni pa mfyatuaji. Ndilo pia majangili huliingiza kwa siri kwenye Pori la Akiba la Moyowosi, nzohe, swala wa vinamasini, wakaangukia majini bila mtu kujua.

Ukikuta gobore darini kwa wazee, usilisugue kwa msasa, usilijaribu, wala usilipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Litolee taarifa polisi, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu mtu kukaa na silaha bila leseni, na uombe wataalamu wa mambo ya kale walitazame. Mpigo mmoja wa msasa unaweza kufuta muhuri, na muhuri ukishafutika, itakuwa vigumu sana kulitofautisha gobore hilo na lile la bomba la maji.