Ian Wright alivyovua kofia mbele ya ticha aliyeambiwa ni marehemu

Arusha. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu waliosoma pamoja, iwe Themi au kata nyingine za jiji hili, mpango wa kukutana ukianza tu, kabla hata michango haijatajwa, kuna swali halikosekani: yule mwalimu wetu wa michezo yupo? Mmoja anasema yupo kwao, mwingine anajibu kwa uhakika kabisa kwamba alishafariki. Ukiuliza nani alikwenda msibani, kimya.

Ian Wright naye aliambiwa hivyo hivyo. Straika huyo wa zamani wa Arsenal alikuwa kwenye majukwaa ya Highbury mwaka 2005 akirekodi kipindi cha televisheni, mara sauti ikamsalimia kwa nyuma. Akageuka. Alikuwa Sydney Pigden, mwalimu wake wa shule ya msingi, mzee wa zaidi ya miaka 80. Mkono wa Wright ukaenda wenyewe kichwani, akavua kofia kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akasema aliambiwa mwalimu amekufa, kisha akamkumbatia na kulia. Video hiyo hata shabiki wa Tottenham huitazama hadi mwisho.

Ili kuelewa kilio kile inabidi kurudi Brockley, kusini mashariki mwa London. Wright amesimulia mwenyewe kwamba baba yake wa kambo alikuwa mkali kupita kiasi. Kipindi cha mpira kikianza kwenye televisheni, aliwaamuru yeye na kaka yake wageukie ukutani, wabaki kusikia sauti tu. Mtoto aliyekuja kufunga mabao 185 Arsenal alikatazwa kuona mabao ya wenzake.

Hasira hizo alikwenda nazo shuleni, Turnham, akawa anatolewa nje ya darasa kila mara. Pigden ndiye aliyemkuta kwenye korido. Hakumchapa. Alimpa kazi: kukusanya madaftari ya mahudhurio darasa kwa darasa na kugawa maziwa. Kazi ndogo, lakini kwa mara ya kwanza dogo akajiona ni mtu wa maana. Akamfundisha pia kusoma na kuandika vizuri.

Uwanjani alimbadilisha. Wright alikuwa anapiga mashuti kwa nguvu zote na kukasirika asipopewa pasi. Pigden akamweleza habari za Jimmy Greaves, aliyekuwa anaupeleka mpira wavuni taratibu, kama anatoa pasi. Aliyewahi kumtazama Wright akimsubiri kipa alale ndipo auinue mpira juu yake, sasa anajua ule utulivu ulitoka wapi.

Haikuwa safari nyepesi. Alikataliwa kwenye majaribio, akapiga plasta za nyumba, na akakaa gerezani wiki mbili kwa faini za barabarani. Crystal Palace walimsajili 1985 akikaribia miaka 22, umri ambao wengi huku kwetu huambiwa wameshazeeka. Arsenal ikamchukua 1991, na Septemba 1997 akavunja rekodi ya mabao 178 ya Cliff Bastin.

Pigden alikuwa rubani wa vita kabla ya kushika chaki. Alimwambia mwanafunzi wake kwamba kumuona akiichezea England kulimpa fahari kuliko kurusha ndege.

Tanzania inalikumbuka jina la Idd Kipingu kwa sababu Makongo, shule aliyoiongoza, ilipitiwa na vijana kama Juma Kaseja. Lakini Makongo ni sekondari. Kabla yake yupo mwalimu wa msingi, yule wa UMITASHUMTA mwenye filimbi shingoni na mipira miwili, mmoja hauna upepo. Huyo jina lake haliandikwi popote, na wakati mwingine ndiye aliyemzuia mtoto asiache shule.

Pigden alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 95. Kuanzia siku ile ya Highbury ilikuwa imepita miaka 12, yote ya mtu ambaye Wright alishaambiwa hayupo.

Video ikitumwa kwenye grupu, zinamiminika emoji za kulia. Halafu anajitokeza mmoja: jamani, nani ana namba ya ticha?