Tamthilia na Nyumba Zetu (Sehemu ya Pili): Siri Inayopasuka na Siri Inayositiriwa

Wiki iliyopita tulitazama jinsi kipindi cha tamthilia kinavyokatwa pale pale mtazamaji anapotaka kujua zaidi. Leo tuingie sebuleni, maana humo ndimo tamthilia nyingi zinamoishi. Sebule ni nafuu kurekodia: taa zikishafungwa zimefungwa, kamera haihamihami, wahusika huingia na kutoka kwa zamu. Ndiyo maana familia ya kwenye televisheni huioni ikichambua mchele, ikifua wala ikingoja maji yatoke. Mama wa tamthilia hugomba akiwa amesimama, mikono mitupu. Mama wa nyumbani hugomba huku anakuna nazi, na mara nyingi ile nazi ndiyo inayompoza.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye siri. Tamthilia hujengwa juu ya siri ambayo haina budi kufichuka: mtoto si wa baba huyu, wosia umeghushiwa, mume ana nyumba ndogo. Mtunzi huifuga siri hiyo miezi mingi, kisha huipasua mbele ya kadamnasi, harusini ikiwezekana. Nyumbani kwetu mambo hayo hayo watu wazima karibu wote wanayajua, ila hayatamkwi. Shangazi anajua, bibi anajua, jirani anajua. Kusitiri huku si unafiki. Ni kazi, na ina wenyewe: mshenga aliyepeleka posa, somo aliyemfunda bibi harusi, wazee wanaoitisha kikao mambo yakiharibika. Kikao huanza kwa kuulizana hali za wagonjwa, neno moja likarudiwa mara kumi, usiku ukaingia, pengine kikaahirishwa. Mtayarishaji gani atalipia saa zote hizo? Matokeo yake yananisikitisha: kijana aliyekulia mbele ya tamthilia hudhani ndoa huvunjwa, au huponywa, kwa kauli moja kali mlangoni.

Wala tusijidanganye kwamba yaliyo kwenye televisheni hubaki humo. Brazili inatufundisha. Wachumi Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea walichunguza tamthilia za kituo cha Globo za tangu 1965 hadi 1999. Kati ya wahusika wakuu wa kike wasiozidi miaka 50, asilimia 72 hawakuwa na mtoto kabisa, na asilimia 21 walikuwa naye mmoja tu. Hayo yakionyeshwa katika nchi ambayo mwaka 1960 mwanamke alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6! Mapenzi ya tamthilia hayana nafasi ya mtoto anayeharisha usiku wa manane. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa matangazo ya Globo yalipofika mahali, uzazi ulipungua, hasa kwa wanawake maskini, na wazazi wakaanza kuwapa watoto majina ya wahusika. Familia ya kubuni haikufanana na ya kweli, na ya kweli ndiyo iliyosogea.

Kwa hiyo kile kinachoachwa nje ya tamthilia si jambo dogo. Natamani mtunzi wetu mmoja athubutu kuandika kipindi kizima cha kikao: wazee sita mkekani, chai inapoa vikombeni, na nyuma ya pazia binti amejibanza, anasikiliza, anangoja jina lake litajwe.