UMRI WA GAUNI LA MTUMBA

Watu wengi wakiona gauni la mtumba huuliza mambo mawili tu: bei yake, na kama litawatosha. Swali la tatu, yaani lilishonwa lini, huachwa. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi swali hilo linavyojibiwa, kwa mfano wa gauni nililonunua likizo iliyopita katika soko la Karume, Dar es Salaam, kwa Shs. 6,000/-.

Kwanza, neno lenyewe. Mtumba ni robota, yaani mzigo wa nguo uliofungwa. Wazee wetu waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", kama kwamba wenyewe wamekwisha kufa. Kwa kweli nyingi hutolewa na watu walio hai. Huko Marekani na Uingereza watu huzipeleka katika maduka ya hisani. Zisizopata mnunuzi hufungwa marobota na kuuzwa nchi za nje. Ndiyo sababu nguo iliyokaa kabatini miaka mingi ng'ambo yaweza kutokea Ilala.

Mama alinipa fedha za gauni moja la kuvaa siku ya mahafali, akasema hakuna nyingine. Basi nilichagua kwa makini. Kila gauni nililiinua kwenye mwanga nione kama kitambaa kimeliwa. Nilitazama makwapani, maana jasho hudhoofisha nyuzi. Nilivuta kidogo penye mishono. Mwisho nililipindua nione kitambaa cha ziada kilichoachwa ndani. Nililolipata lilikuwa la pamba, lenye maua, kiuno chembamba, sketi pana na zipu ya chuma mgongoni. Pindo lake lilikuwa la inchi 3 nzima.

Muuzaji aliniambia, "Hili la zamani, mdogo wangu, la miaka ya hamsini." Alitazama umbo. Ni kweli kwamba kiuno chembamba na sketi pana vilivuma baada ya Christian Dior kuonyesha mitindo yake mjini Paris mwaka 1947. Lakini mitindo hurudi, na umbo peke yake si ushahidi. Yafaa kutazama ndani.

Ndani ya mshono wa ubavuni palikuwa na lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi washonao nguo za wanawake Marekani, kiitwacho kwa kifupi ILGWU. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1995 kiliungana na kingine. Juu ya lebo ziliandikwa pia herufi AFL-CIO. Haya yalikuwa mashirikisho mawili ya wafanyakazi, yakaungana Desemba 1955. Kwa hiyo lebo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Tena, tangu mwaka 1974 lebo ya chama hicho ilikuwa na rangi nyekundu, nyeupe na bluu pamoja. Yangu haikuwa hivyo.

Lebo ya pili ilikuwa na namba yenye herufi RN. Namba hizo hutolewa na serikali ya Marekani ili kumtambulisha mtengenezaji au mfanya biashara. Mfululizo unaoanzia 13670 ulianza mwaka 1959, na namba yangu ilipita hapo. Chini yake iliandikwa kwamba kitambaa ni pamba tupu. Sheria iliyolazimisha nguo kutaja nyuzi zake ilipitishwa huko mwaka 1958, ikaanza kazi mwaka 1960. Maelezo ya namna ya kufua hayakuwamo. Hayo yalilazimishwa tangu mwaka 1972.

Hapa ndipo penye kanuni kubwa. Umri wa nguo hauamuliwi na alama yake iliyo kongwe, bali na ile iliyo changa kuliko zote, mradi imeshonwa kwa uzi wa awali. Tena, kitu kilichopo ni ushahidi wenye nguvu kuliko kitu kisichokuwapo, maana lebo huweza kukatwa. Zipu nayo fundi yeyote aweza kuibadili. Kwa hiyo nasema gauni langu ni la kati ya mwaka 1960 na 1974, na yaelekea ni la kabla ya 1972. Si la miaka ya hamsini.

Sasa kulirekebisha. Nililifua kwanza kwa maji baridi na sabuni laini, nikalianika kivulini, nikalipiga pasi. Kama ni la kurudi, lirudi kabla ya kupimwa. Lilinizidi inchi 2 kiunoni na inchi 2 kwa urefu. Fundi wa mtaani kwetu akashika mkasi.

"Shikamoo, fundi. Naomba usikate, tukunje tu."

"Marahaba, mwanangu. Ukikunja halitakuwa zito?"

Nikamwonyesha kwamba sketi ni kitambaa kilichonyooka, kilichokusanywa kiunoni, hivyo pindo la inchi 5 lingelala vizuri. Akakubali. Kiunoni tuliingia nusu inchi katika kila mshono wa ubavuni. Kwa kuwa mishono ni miwili na kila mmoja una kitambaa mbele na nyuma, jumla ni inchi 2. Tulishona kwanza kwa mkono, mishono mirefu. Nikalivaa, nikakaa, nikainua mikono. Ndipo fundi akapitisha cherehani kwa uzi wa pamba, maana uzi ulio imara kuliko kitambaa kikuukuu huweza kukikata.

Ziada yote ilibaki ndani, pamoja na lebo ya chama. Mkasi ungepita pale, ushahidi wote wa mwaka 1955 ungeanguka sakafuni pamoja na vipande vingine. Tena nikinenepa, mshono utafumuliwa na gauni litanifaa. Na akilirithi mdogo wangu aliye mrefu, pindo litashushwa.

Nawashauri wenzangu: kabla ya kumpa fundi nguo ya zamani, ipindueni, nakilini kila herufi na namba katika daftari, kisha mwambieni fundi ashone bila kukata. Kilichokunjwa hufumuliwa, kilichokatwa hakirudi.