Teksi za Ho Chi Minh City: mita, programu na noti mbili za buluu

Biashara ya teksi katika Ho Chi Minh City, kusini mwa Vietnam, huanzia mlangoni pa uwanja wa ndege wa Tan Son Nhat, kilomita kama saba kutoka katikati ya jiji. Mnunuzi au muuza korosho anayetoka Dar es Salaam hukuta hapo bei tatu za safari moja: ya mita, ya programu ya simu, na ya mpiga debe. Kwa mita, nauli ya kufika katikati ya jiji kwa kawaida haiendi mbali na dong 200,000, yaani dola nane hivi. Mpiga debe hudai mara mbili au tatu ya hapo. Juu ya nauli abiria hulipa ada ndogo ya gari kuingia uwanjani. Hiyo ni halali na haifai kugombewa.

Mita nyingi huacha sifuri tatu za mwisho, kwa hiyo 145 ni dong 145,000. Hatari kubwa zaidi imo kwenye noti. Ya 500,000 na ya 20,000 zote ni za plastiki na zote ni za buluu. Anayekosea kati ya hizo mbili amelipa mara 25. Wapo madereva wanaorudisha. Wapo pia wanaobadilisha noti mkononi na kushikilia kwamba wamepewa ile ndogo, ndiyo maana wenyeji humshauri mgeni aitaje thamani ya noti kwa sauti kabla ya kuiachia. Teksi bandia huiga rangi za kampuni zinazoaminika, na mita zake hukimbia.

Kila baada ya muda maofisa hutangaza misako na faini, na kusema hali imetulia. Ni vigumu kulipokea hilo bila shaka. Msako huhesabu madereva waliokamatwa, wala si abiria waliopunjwa wakanyamaza, na mgeni anayeruka kesho hafungui jalada kwa sababu ya dola 15.

Dereva wa mita naye ana kilio chake, na ndicho kinachosikika kuliko vyote katika biashara hii. Tangu programu zilipoingia mwaka 2014, husema, yeye amebanwa na leseni, rangi ya gari na bei iliyosajiliwa, huku mshindani akipandisha na kushusha nauli kila saa. Mwishoni mwa 2018 mahakama jijini iliamuru kampuni ya programu iilipe kampuni ya teksi dong bilioni 4.8, ingawa mdai alikuwa ametaka zaidi ya bilioni 41. Kanuni mpya za Aprili 2020 zilikusudiwa kusawazisha uwanja, lakini abiria alikuwa amekwishazoea kuijua nauli kabla ya kupanda. Hata upande wa programu si shwari: Desemba mwaka huohuo madereva waligoma baada ya makato yao kuongezwa kufuatia mabadiliko ya kodi.

Pikipiki za abiria, xe ôm, maana yake chombo cha kukumbatia, ni bodaboda za huko. Wazee wanaosubiri pembeni mwa barabara bado hupatana bei kwanza, ila wateja wao wanapungua.

Treni ya kwanza ya mjini ilianza Desemba 2024, kilomita karibu 20 kutoka Bến Thành kwenda Suối Tiên. Haifiki Tan Son Nhat, hivyo huenda isiwatikise sana madereva wa uwanjani. Teksi za umeme, zilizoanza nchini humo mwaka 2023, zinaweza kuwabana zaidi. Swali zito ni uwanja mpya wa Long Thanh, kilomita zipatazo 40 kutoka jijini: safari za kimataifa zikihamia huko kabla ya reli kufika, nauli ya dola nane haitakuwapo tena kwa mgeni, na wapiga debe watakuwa na safari ndefu zaidi ya kuitajia bei.