Unaosha madirisha Bondeni? Sheria ya data inakuhusu, hata kama hujasajiliwa

Kaskazi ikivuma, chumvi ya bahari hupanda mpaka ghorofa za juu na vumbi la Abdel Nasser Road huifuata. Wiki mbili tu, vioo vya maghorofa mapya ya Bondeni vinakuwa kama vimepakwa chokaa. Hapo ndipo vijana wa ndoo, ngazi na mpira wa kukaushia vioo wanapata kazi, na malipo mengi yanaingia kwa simu. Leo tunataka kuzungumza nao, pamoja na wateja wanaowafungulia milango.

Swali ambalo wafanyabiashara wadogo huuliza ni hili: hii Sheria ya Ulinzi wa Data si ya mabenki na makampuni makubwa? Mimi nina ndoo na simu tu, inanihusu nini?

Inakuhusu. Lakini si kwa namna wengi wanavyodhani, na kuna habari njema ndani yake.

Sheria yenyewe ilipitishwa Novemba 2019, na mzizi wake ni kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kile kinachompa kila mtu haki ya faragha. Msimamizi wake ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Kanuni za usajili zikaanza kufanya kazi Julai 2022. Kanuni hizo zinasema hivi: kama mapato yako kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wako hawafiki 10, hulazimiki kujisajili. Piga hesabu. Ili ufike milioni 5, inabidi uingize zaidi ya shilingi 13,000 kila siku ya mwaka, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Waosha vioo wengi tunaowajua hawajafika huko (tunawaombea wafike). Ukijisajili, cheti kinadumu miezi 24.

Sasa hapa ndipo watu wanapoteleza. Kusamehewa kujisajili si kusamehewa sheria. Ni kama baiskeli: haina namba ya usajili, lakini ukimgonga mtu barabarani huwezi kusema sheria za barabara hazikuhusu. Ukiandika jina na namba ya mteja mmoja kwenye daftari la biashara yako, tayari umebeba jukumu la kuitunza taarifa hiyo.

Na tuwe wakweli: daftari la muosha madirisha lina mambo mazito kuliko daftari la muuza duka. Muuza duka anajua umenunua unga. Muosha vioo anajua unakaa ghorofa ya ngapi, mlango upi, dirisha lipi halifungi vizuri, mama watoto anarudi saa ngapi kutoka kazini, na ufunguo unaachwa kwa jirani gani. Anaona sebule, anaona chumba. Nyumba za kale za Mji wa Kale zilijengwa na madirisha ya mbao yenye matundu madogo, aliye ndani aone nje na aliye nje asione ndani. Watu wa hapa wanaijua thamani ya sitara. Kioo kikubwa cha kisasa kimeiondoa ile mbao, kwa hiyo sitara iliyobaki iko kwenye mdomo na simu ya anayekiosha.

Sheria yetu inalijua hilo. Kati ya vitu inavyoviita data nyeti kuna taarifa za mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na habari za jamaa zake, pamoja na majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Hapa Kenya imekwenda mbali kuliko Ulaya, ambako taarifa za mali na familia hazimo kwenye orodha ya aina hiyo. Kwa hiyo ukitafuta mtandaoni ushauri wa biashara ya kuosha madirisha na ukaletewa kurasa za Uingereza, usiuchukue mzimamzima. Ukiandika kwenye simu yako "Mama Fulani, mume yuko Dubai, yuko peke yake mpaka Disemba", umeandika data nyeti. Tena hukuihitaji. Kazi yako inahitaji jina la kumwitia mteja, namba ya simu, jengo na mlango, siku ya kazi na bei. Basi. Kanuni inayotusaidia sote ni kutokusanya usichokihitaji, maana usichokuwa nacho hakiwezi kuibiwa kwako.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo sisi tulipo.

Mteja akikutumia malipo kwenye namba yako ya kawaida, ujumbe unaokuja una jina lake, kiasi, saa, na pia salio lako. Wengi wakiombwa uthibitisho wanapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la jengo zima. Kwa picha hiyo moja umewatangazia watu arobaini jina la mteja na umewaonyesha kilichobaki mfukoni mwako. Tuma namba ya muamala peke yake. Inatosha kutafuta malipo. Na mteja akikuambia amelipa, usimdai picha ya skrini yenye salio lake. Angalia kwenye simu yako mwenyewe. Tunapendekeza pia utumie namba ya till ya biashara badala ya laini yako binafsi: rekodi za kazi zinakaa mbali na za nyumbani, na mfanyakazi wako hahitaji kushika simu yako ili ajue kama pesa imeingia.

Namba ya mteja umepewa kwa ajili ya kazi na malipo. Kumpigia mteja kumwambia kesho mvua, tuhamishe kazi iwe Jumamosi, hiyo ni sehemu ya makubaliano yenu. Kumtumia matangazo kila wiki ni jambo jingine, linahitaji akubali, na awe na njia rahisi ya kusema imetosha. Kumpa namba hiyo shemeji yako anayeuza mazulia ndiyo kabisa usifanye. Siku ya kwanza ya kazi, ujumbe mfupi kama huu unakuweka sawa: "Asante kwa kazi ya leo. Nimehifadhi jina, namba na mlango wako kwa ajili ya kupanga kazi na malipo tu. Ukitaka nikukumbushe baada ya mwezi, nijibu NDIYO. Ukitaka nifute, niambie."

Kisha kuna picha. Kazi safi inajiuza kwa picha za kabla na baada, tunakubali, sisi wenyewe ni watu wa matangazo. Lakini kioo kisafi kinaonyesha. Nyuma yake kuna sebule, picha ya harusi ukutani, labda mtoto na sare ya shule. Septemba 2023 Kamishna alizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo, na mbili kati yake zilikuwa ni habari za picha: Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa biashara, faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Kwa mtu wa ndoo, asilimia 1 si faini ya kumfilisi. Lakini sheria inampa aliyeumizwa haki ya kudai fidia pia, na hiyo ni hesabu tofauti. Ukitaka picha, vuta pazia kwanza, piga kwa upande, omba ruhusa, na ruhusa hiyo iwe kwa maandishi hata kama ni kwa WhatsApp.

Taasisi ya tatu ya siku ile ilikuwa kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, iliyotozwa shilingi 2,975,000 baada ya watu kulalamika kuhusu meseji na simu za vitisho, namba zao zikiwa zimepatikana kutoka kwa wengine. Tunaitaja kwa sababu ya mchezo mmoja unaoonekana mitaani: mteja hajalipa shilingi 800, basi jina na mlango wake unawekwa kwenye status ili aone haya. Deni ni haki yako na una njia za kulidai. Kumtangaza si mojawapo. Utakuwa umemgeuza mdaiwa wako kuwa mlalamikaji.

Na simu ikiibiwa je? Mwembe Tayari pale saa moja jioni, matatu imejaa, mfuko umekuwa mwepesi. Wengi wanakimbilia kufunga laini na kuzuia akaunti ya pesa, na wanafanya vizuri, hilo ndilo la kwanza. Lakini kama orodha ya wateja ilikuwa wazi kwenye simu isiyo na kufuli, pamoja na ile "ufunguo kwa jirani", basi kuna nyumba za watu ziko hatarini usiku huo. Sheria inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ujue, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika, na wateja wenyewe waambiwe pia bila kuchelewa. Wapigie, usione haya. Mteja aliyeambiwa mapema anabadilisha kitasa. Asiyeambiwa anajua akishaibiwa. Weka kufuli kwenye simu leo, na ukiipeleka kwa fundi usimwachie ikiwa wazi.

Wanaotaka kukua, sikilizeni hapa. Mawakala wa nyumba na mahoteli wako kwenye orodha ya biashara zinazolazimika kujisajili hata zikiwa ndogo. Wakala akikupa kandarasi ya jengo zima pamoja na orodha ya wapangaji, data ile ni yake na wewe umeishika kwa niaba yake. Anatakiwa awe na mkataba wa maandishi nawe, na ikipotea mikononi mwako unatakiwa umjulishe ndani ya saa 48. Anayeweza kumjibu wakala vizuri, orodha naiweka wapi, nani anaiona, naifuta lini, atapata kazi mbele ya mwenye ngazi ndefu.

Kuhusu kufuta: rekodi za mapato ziweke miaka 5, sheria ya kodi inataka hivyo. Siku, kiasi, namba ya muamala. Maelezo ya milango na funguo hayana kazi hiyo. Mteja akihama, futa wiki hiyo hiyo.

Nawe pia una haki zako. Getini mlinzi anakuandika jina, namba ya kitambulisho na simu kwenye kitabu kilicho wazi, kila anayekuja nyuma yako anakusoma. Unaweza kuuliza zinatumika kwa nini na zinakaa muda gani.

Na wewe mteja, kama fundi wa mwaka jana bado anakutumia matangazo, mwandikie ujumbe umwombe afute taarifa zako na uuhifadhi ujumbe huo. Ana siku 14. Ukitaka kwanza kuona ana nini chako, ana siku 7 kukuonyesha. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna, ambayo inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90.